Chapa Ndogo Kwenye Rupia ya Babu

Mtaa wa Makongeni ulijengwa ili kuwapa makao wafanyakazi wa reli, na mzee wa reli hakuwa mtu wa kutupa vitu ovyo. Ndiyo maana katika familia nyingi za Eastlands bado kuna kikopo cha zamani chini ya kitanda cha nyanya. Humo, kati ya vifungo na funguo zisizo na kufuli, huenda mkapata rupia ya fedha. Na huenda ikawa na kialama kidogo kilichogongwa kando ya kichwa cha mfalme.

Wengi hudhani alama hiyo ni kasoro, wakaisugua kwa majivu hadi ing'are. La hasha! Alama hiyo ni ushahidi.

Rupia ya Bara Hindi ilitumika hapa kabla ya shilingi. Ndiyo waliyolipwa waliotandika reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896 hadi ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1920 ikaondolewa, ikaja florini, kisha mwaka wa 1921 shilingi. Rupia moja ilikuwa na gramu 11.66, sehemu kubwa fedha halisi. Kwa kuwa thamani ilikuwa katika madini yenyewe, wabadilishaji wa fedha waliikagua, na waliporidhika waliigonga chapa yao. Hata neno letu "sarafu" lina asili katika Kiarabu, katika kazi hiyo ya kubadilisha fedha.

Serikali nazo ziligonga. Mwishoni mwa karne ya 19, Wareno wa Msumbiji waligonga taji na herufi PM juu ya rupia, na pia juu ya riale yenye picha ya Maria Theresa wa Austria, ambayo wazee wa pwani waliiita riale ya Sham. Maana yake: pesa hii ya kigeni imekubaliwa hapa.

Mtindo huu si wa jana. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, sarafu za fedha za Kigiriki kutoka mji wa Side, katika Uturuki ya leo, ziligongwa alama ya upinde na podo ili zitumike katika miji mingine. Wakusanyaji wa ulimwengu huzitafuta hizo kwa sababu sarafu moja husimulia safari mbili.

Sasa nyinyi vijana mnaoanza kukusanya, shikeni haya. Kwanza, msisugue wala msitumie dawa ya kung'arisha. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani mbele ya mnunuzi anayejua. Pili, igeuzeni: chapa ya kweli imezama ndani, na mara nyingi upande wa pili, mahali hapohapo, huwa pamebonyea au kuwa bapa. Tatu, ipimeni uzito na mjaribu sumaku, fedha hainaswi. Nne, jihadharini na walaghai, kwani kutengeneza chapa ya uongo ni rahisi kuliko kutengeneza sarafu nzima.

Tena kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Ukichimbua sarafu za kale shambani, wajulishe Makavazi ya Kitaifa.

Hasara kubwa zaidi hutokea nyumbani. Kijana aliyebanwa na karo huchukua kikopo kimyakimya, sonara akaweka sarafu kwenye mizani, akalipa uzito wa fedha tu, na jioni hiyo zikayeyushwa. Mnunuzi hakununua historia ya babu, lakini imekwenda. Basi kabla ya kuuza chochote, kaeni na mzee, muulizeni kila sarafu ilitoka wapi, na mwandike majibu kwenye daftari. Baada ya hapo, mkiamua kuuza, muuze kwa kauli moja.