Gari ni Lile Lile, Bei Mbalimbali



Kuna mada haikosi kila Waafrika Mashariki tukikutana huku ughaibuni: bei ya magari. Mmoja ataanza kwamba Dubai gari ni bei ya kutupa. Mwingine ataapa kwamba likifika Dar au Mombasa unauza shamba. Wa tatu anafunga hoja: "Serikali zetu wezi!" Watu wanacheka, mada imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo ilitakiwa ianze. Chuma ni kile kile, lakini ndani ya bei kuna mikono miwili, wa muuzaji na wa serikali, na sisi tunaulaumu mmoja tu.

Tuanze na muuzaji. Wengi tunadhani kiwanda kinapiga hesabu ya gharama, kinaongeza faida kidogo, basi hiyo ndiyo bei dunia nzima. Wapi! Muuzaji anaangalia mfuko wa mnunuzi, na kama mnunuzi ana pa kukimbilia. Hapa hapa Uingereza, Aprili 2000, Competition Commission ilisema mwananchi wa kawaida anauziwa gari jipya kwa takribani asilimia 10 zaidi ya inavyostahili. Na ukitaka kukimbilia nchi jirani? Volkswagen iliwabana mawakala wake wa Italia wasiwauzie Wajerumani na Waaustria waliofuata bei nafuu. Tume ya Ulaya ikaipiga faini mwaka 1998, na mwaka 2000 mahakama ikaipunguza, lakini ilibaki euro milioni 90. Jamani, hao ni Wazungu kwa Wazungu, ndani ya soko moja!

Sasa serikali. Denmark wanatoza kodi ya kusajili gari ambayo hadi mwaka 2015 ilifika asilimia 180 kwenye sehemu ya juu ya bei. Sasa ni 150, na VAT ya asilimia 25 iko pale pale. Cha ajabu, kwa miaka mingi ripoti za Tume ya Ulaya zilionyesha kuwa bei ya Denmark kabla ya kodi ni miongoni mwa za chini kabisa. Sababu ni kwamba kampuni zilijua zisipojibana, baada ya kodi hakuna atakayenunua. Nenda Singapore: huko unanunua kwanza kibali cha kumiliki gari, cha miaka 10 tu. Mwaka 2023 kibali cha gari dogo kilipita dola 100,000 za kwao, na hapo gari lenyewe bado.

Haya, turudi nyumbani. Chukua gari la cc 1,500 linaloingia Tanzania, thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ni dola 10,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, unafika 12,500. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 juu ya hapo, 13,125. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote, unakaribia 15,500. Ada ndogo ndogo sijagusa, na kama gari ni kuukuu kuna ushuru wa uchakavu. Ni kodi juu ya kodi, inauma kweli. Lakini mbele ya Mdenmark au Msingapore, sisi hatujaumizwa kuliko wote.

Tofauti iko hapa: kule asiye na gari ana treni, ana njia ya baiskeli, anafika kazini kwa wakati. Kwetu asiye na gari ananing'inia mlangoni kwenye daladala au matatu. Mabasi yaendayo kasi ya Dar, yaliyoanza mwaka 2016, yameonyesha kuwa inawezekana, ila safari bado ndefu. Kwa hiyo mtu wetu hanunui gari kwa ajili ya kujionyesha tu. Gari lake ndilo linapeleka mgonjwa hospitali usiku, ndilo linabeba mzigo wa sokoni.

Ndio maana naziogopa hizi kelele za kufungia magari yaliyotumika kutoka Japani. Kwetu hayo ndiyo pa kukimbilia, kama Mjerumani alivyokimbilia Italia. Ukiufunga mlango huo wakati wauza magari mapya ni wachache, unamkabidhi mwananchi kwao akiwa amefungwa mikono. Ushindani uje kwanza, na usafiri wa umma wa kueleweka uje kwanza.

Humu mna wachumi, wanasheria na wahandisi, na wengine mtakalia viti vya wizara. Mwacheni Dubai na bei zake. Muulizeni muuzaji bei yake kabla ya kodi ni ngapi na kwa nini, kisha muulizeni waziri kodi hiyo imenunua basi gani.

Naomba kuwasilisha.