Eti damu ya kwetu!

Haya wadau, nimepotea kidogo. UE zilinibana, bumu nalo limeshayeyuka. Leo nina dukuduku.

Dada yangu alijifungua mapema, mimba ya wiki 28. Mtoto njiti, kilo moja na kidogo. Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, kisha oksijeni kwa zaidi ya miezi miwili. Katoka, tunashukuru, ila daktari kasema ana ule ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto njiti. Sasa mama mkwe wa dada, mbele za watu: "Kwetu hakuna mwenye kifua. Hiyo ni damu ya kwao." Kisa babu yetu alikuwa na pumu! Dada kalia usiku kucha.

Mimi nasomea ualimu wa baiolojia, siwezi kunyamaza. Kwanza, nusu ya jeni za mtoto yule zimetoka kwa mwanae yeye mama mkwe. Hilo moja.

Pili, ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1967 na Northway na wenzake kule Stanford, Marekani, kwa vichanga waliokaa kwenye mashine na oksijeni nyingi. Mtoto wa wiki 28 vifuko vyake vya hewa havijakomaa. Msukumo wa mashine na oksijeni vinamwokoa, na vinamjeruhi hapo hapo. Ongeza maambukizi, au mama kuvuta sigara akiwa mjamzito, hatari inapanda.

Urithi upo, sikatai. Mwaka 2006 Bhandari na wenzake, Marekani, walilinganisha mapacha njiti wa kufanana na wasiofanana. Wakakadiria jeni zinachangia asilimia 53 ya tofauti ya nani anaelekea kuupata. Ila mwaka 2013 watafiti wengine walipekua jenomu za watoto zaidi ya 1,700 wasipate jeni hata moja la kusimama nalo kwa uhakika. Kwa hiyo huyo anayeinyooshea kidole "damu" ya mtu, anaijulia wapi?

Halafu hiyo 53 watu wanaisoma vibaya, hata hapa kampasi. Si kwamba nusu ya ugonjwa wa mtoto wa dada ni ya ukoo. Ni tofauti kati ya watoto wale, katika hospitali zile. Chukua darasa ambalo kila mwanafunzi ana kitabu, dawati na mwalimu mmoja: tofauti ya alama itaonekana ni ya vichwa tu. Nenda sasa shule ambayo nusu wanakaa chini ya mti. Utasema bado ni vichwa? Wodi yenye mashine za kupima oksijeni na wodi ambayo mitungi inafunguliwa kwa kukisia haziwezi kutoa hesabu moja.

Na dada alipoanza uchungu, zahanati ya kwanza ilimrudisha nyumbani, eti ni uchungu wa uongo. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, inayojulikana tangu Liggins na Howie mwaka 1972, hakuiona. Hiyo nayo ni damu?

Kinachonichekesha kwa hasira, mama huyo huyo jiko lake la mkaa analiwasha mlangoni pa chumba cha mzazi. Moshi wote ndani. Jumamosi naenda kulihamishia uani mwenyewe, kwa adabu zote, shikamoo mara mbili. Akinuna, anune.