Rangi ya gari si urembo, ni ulinzi wa mtaji

Miaka michache iliyopita mimi na mdogo wangu tulinunua pikapu iliyotumika kwa ajili ya kusomba mbaazi na mahindi kutoka vijijini kuja mjini Babati. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama sahani mpya. Tuliangalia injini, tukaangalia matairi, tukalipa. Kabla masika ya kwanza hayajaisha, rangi ya kwenye kingo za milango na juu ya matairi ilianza kutoa malengelenge. Siku moja tukiwa na magunia ya watu kutoka Galapo, sakafu ya bodi ikaachia upande mmoja. Chini ya ule weupe kulikuwa na puti, chini ya puti kulikuwa na kipande cha gazeti, na chini ya gazeti bati lilikuwa limekwisha, imebaki kutu tupu.

Sisemi haya ili kumlaumu aliyetuuzia, wala gereji iliyofanya kazi ile. Nayasema kwa sababu mimi, niliyesomea uchumi wa kilimo na ninayewashauri wengine kuhusu mitaji yao, nilinunua rangi nikidhani nanunua gari.

Ndugu msomaji, katika makala haya nataka tuzungumzie upigaji rangi wa magari, matrekta na matela yetu. Hoja yangu ni moja. Rangi ni sehemu ya kutunza mtaji, na thamani yake kubwa iko chini, mahali ambapo macho ya mteja hayafiki. Tukiendelea kuwalipa mafundi kwa ajili ya mng'aro, tutaendelea kuuziwa mng'aro.

Mji wa njia panda

Babati ni mji wa njia panda. Ukitoka Arusha kwenda Singida unapita hapa, na ukienda Dodoma kupitia Kondoa unapita hapa hapa. Mji huu ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, na mwaka 2018 barabara ya lami ya kwenda Dodoma ikazinduliwa. Mpunga wa Magugu, miwa ya bonde la Kiru, mahindi na mbaazi za vijijini, vyote vinategemea chombo cha chuma ili vifike sokoni. Kwa familia nyingi, trekta, Canter, pikapu au tela ndiyo mali ya gharama kubwa kuliko zote baada ya shamba na nyumba.

Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka na wakulima wa huku waliumia. Hakuna mkulima wa Galapo au wa Bonga aliyekuwa na uwezo wa kuizuia India. Lakini kutu inayokula tela lake uani, hiyo anaweza kuizuia. Tena mwaka wa bei mbaya ndio mwaka ambao chombo hakitakiwi kukuangusha, kwa kuwa fedha ya kununua kingine haipo.

Kutu haifunikwi, inaondolewa

Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Kazi ya kwanza ya rangi ni kuzuia mkutano huo. Tope linalokaa siku nyingi ndani ya madigadi hutunza unyevu. Mbolea ya viwandani kama CAN ikimwagika ndani ya tela hunyonya maji ya hewani na kuharakisha kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huinua rangi na kuitoa malengelenge. Ukipiga rangi juu ya kutu, umeifungia ndani pamoja na unyevu wake, nayo itaendelea kula kimya kimya.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuosha chombo kwa sabuni na kuondoa grisi na oili kabla ya kushika msasa. Akianza na msasa, ataisukuma ile grisi ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika. Kisha huondoa kutu kwa brashi ya waya, grenda na msasa mpaka bati safi lionekane. Penye tundu hukata sehemu mbovu na kuchomelea kiraka. Puti si bati, na gazeti si bati.

Baada ya hapo huja praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na chuma na kukikinga. Kwa bodi ya gari praima ya epoksi ni nzuri. Kwa tela na majembe ya trekta wengi hutumia redoksaidi, ile nyekundu ya vyuma, nayo inafaa mradi ipigwe juu ya chuma kisafi na kufunikwa na rangi. Puti iliyochanganywa na hadina ni ya kusawazisha mabonde madogo tu, tena iwe nyembamba. Ikiachwa wazi siku kadhaa wakati wa mvua hunyonya maji, na maji hayo yatadai haki yake baadaye.

Msasa una namba, na namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi. Puti huchongwa kwa namba 80, ikalainishwa kwa 180 na 240. Kabla ya rangi yenyewe, praima husuguliwa kwa 400 au 600. Fundi anayeruka kutoka 80 hadi rangi atakuachia mistari itakayoonekana rangi ikikauka.

Rangi hupulizwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hupewa muda ili tina iondoke kabla ya lingine kufuata. Tabaka nene hutiririka, na kwa ndani hubaki laini kwa siku nyingi. Kompresa lazima itolewe maji yaliyokusanyika ndani ya tangi lake, la sivyo bunduki itatema maji pamoja na rangi. Rangi zenye chembe zinazometameta humaliziwa na klia, ambayo ndiyo inayopokea jua na mikwaruzo badala ya rangi.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Kiangazi kina vumbi na upepo, hivyo bila banda lililozibwa na sakafu iliyomwagiwa maji, utapata rangi yenye mchanga. Wakati wa mvua, rangi ya selulosi inayokauka haraka hushika ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Asubuhi ya baridi yenye umande si saa ya kupiga rangi. Subiri bati lipate joto na kukauka. Kwa mwenye trekta, muda unaofaa ni baada ya mavuno na kabla ya mvua za Novemba, wakati trekta limepumzika.

Nipunguze nini?

Baada ya pikapu yetu kuachia sakafu, niliipeleka kwa fundi mwingine. Alitaja bei, nami nikaanza kuomba apunguze kama ilivyo desturi yetu. Akaniambia, "Kaka, bei itapungua, lakini niambie nipunguze nini." Nilidhani ni maneno ya biashara. Leo naona lilikuwa swali la kweli kuliko yote niliyowahi kuulizwa gereji.

Rangi ya juu fundi hawezi kuipunguza, kwa sababu ndiyo unayoiona. Atapunguza usiyoyaona: saa za kusugua kutu, kopo la praima, hadina. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hulipa bei ya katikati, na mwenye gari zima huona hasara akajitoa sokoni. Yanabaki mabovu. Soko la mafundi wa rangi limo katika hatari hiyo hiyo. Fundi mwaminifu anayetumia siku tatu kuondoa kutu anashindanishwa kwa bei na yule anayeifunika kwa saa tatu. Mwishowe mwaminifu naye ataanza kufunika ili watoto wake wale.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za kwake. Tuchukulie kazi ya kufunika ni shilingi 600,000 na inadumu miaka 2. Kazi ya kuondoa kutu na kupiga praima ni shilingi 1,200,000 na inadumu miaka 6. Ya kwanza inakugharimu shilingi 300,000 kwa mwaka, ya pili shilingi 200,000. Hapo hatujahesabu siku ambazo chombo kimelala gereji wakati magunia ya wateja yanasubiri. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa namba zinawaunga mkono.

Najua jibu la wengi: hiyo 1,200,000 haipo. Ni kweli, mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka. Lakini kukosa fedha si sababu ya kuzitumia mahali pasipofaa. Kama una shilingi 600,000 tu, ziweke chini. Ondoa kutu kwenye chasisi, sakafu na madigadi, piga praima nzuri, funika kwa rangi ya kawaida, na milango iache na mikwaruzo yake. Tela halihitaji kung'aa. Linahitaji sakafu inayobeba magunia.

Lipa kwa hatua

Dawa ya soko la namna hii ni mteja kujifunza kuona yasiyoonekana. Kubaliana na fundi kwa maandishi, hata kama ni karatasi ya daftari, kwamba utakagua mara tatu na kulipa mara tatu. Mara ya kwanza ni bati likiwa wazi, kabla ya puti. Mara ya pili ni baada ya praima, kabla ya rangi. Mara ya tatu ni rangi ikiwa imekauka. Vifaa nunua mwenyewe kwa orodha ya fundi, na mwishoni hesabu makopo matupu. Fundi mzuri hatachukia. Atafurahi kumpata mteja anayejua kwa nini bei yake ni kubwa. Na ukibadili rangi ya gari, kumbuka kuwa kadi ya gari imeandikwa rangi yake. Nenda TRA ikarekebishwe.

Kwa anayenunua chombo kilichotumika, beba sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, ukaifunge kitambaa ili isikwaruze. Ipitishe kwenye madigadi, chini ya milango na kwenye kingo za bodi. Mahali ambapo jirani yake inashika vizuri lakini hapo inalegea au kuanguka, kuna puti nene. Kwenye plastiki na aluminiamu haitashika, hilo lisikutishe. Halafu lala chini uangalie uvunguni, kwa kuwa muuzaji wa harakaharaka hupaka rangi panapoonekana tu. Laiti ningefanya hivyo, nisingekuwa na kisa cha kuanzia makala haya.

Mafundi nao ni nguvukazi

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye bei. Hadina ya rangi za mchanganyiko wa vitu viwili ina kemikali zinazoweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu, na kitambaa cha kufunga puani hakizizuii. Rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake likisuguliwa huwadhuru zaidi watoto. Usipige rangi karibu na ghala la mahindi, usiwashe moto penye tina, na kopo la rangi lisigeuzwe la kuchotea maji wala kupimia unga.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa maoni yangu, kikundi cha vijana wa gereji kinachoomba banda la pamoja la kupulizia rangi, lenye kompresa nzuri, feni ya kutoa hewa na barakoa zenye vichujio, kina andiko zuri kuliko mengi. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Cheti hicho ni njia mojawapo ya mteja kumtambua fundi wa kweli, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kushauri kuhusu mitambo.

Lakini tusisubiri hayo ndipo tuanze. Msimu ujao ukienda gereji, usiulize rangi itang'aa kiasi gani. Mwambie fundi akuonyeshe bati kabla hajalifunika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sisi tulionunua pikapu ile uligharimu zaidi ya mavuno ya msimu mmoja.