Wakala wa Mtandao na Daftari Lake

Ndugu msomaji, uliye zamu mpakani Mpondwe au mwenye jamaa yake kambini Kasese, ndani ya kila chombo kikubwa cha kuunganisha kompyuta mna programu ndogo iitwayo wakala. Kazi yake ni kushika daftari lenye majedwali: njia ipi ni nzima, ipi imekatika, kipi kimeunganishwa wapi. Mkuu wa mtandao, hata akiwa Kampala, humwuliza wakala huyo kwa itifaki ya SNMP, iliyotolewa mwaka 1988.

Taabu iko katika namna ya kuuliza. Amri ya awali ilitaka mstari mmoja, kisha unaofuata, kisha unaofuata. Ni kama mama wa Bwera amtumaye mtoto soko la Lhubiriha kuleta chumvi, akirudi amtume sukari, akirudi amtume kiberiti. Tuseme jedwali lina mistari 500, na habari zapita kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu. Swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Mistari yote, sekunde 250. Mwaka 1993 toleo la pili la itifaki lilileta amri ya kuomba mistari mingi kwa pamoja. Ikiletwa 25 kila safari, safari ni 20 tu, yaani sekunde 10. Mtoto amepewa kikapu.

Lakini kikapu peke yake hakitoshi. Wakala aliyeandikwa ovyo, kila aulizwapo mstari, hulisoma jedwali zima upya tangu mwanzo. Mistari 500, kila mmoja ukisomewa mistari 500, ni kusoma mara 250,000! Dawa ni kulinakili jedwali mara moja, kulipanga kwa namba, na kujibu kutoka katika nakala hiyo. (Karani wa polisi apangaye majalada yake kwa namba hahitaji kufundishwa jambo hili.)

Walakini nakala huchakaa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuivamia hospitali ya Kilembe. Usiku kama ule, nyaya zikichukuliwa na maji huku wakala ameshika nakala ya dakika kumi zilizopita, atajibu kwamba njia ni nzima, na mkuu ataendelea kuitegemea njia iliyokwisha kwenda na mto. Kwa maoni yangu, jedwali la majina ya vyombo laweza kukaa katika nakala saa nzima. La hali ya njia lisipite sekunde chache. Fundi awekaye muda mmoja kwa majedwali yote amejirahisishia kazi, na gharama yake ataibeba askari wa zamu.

Programu ya Net-SNMP, itumikayo kwingi duniani, huonyesha muda wa kila nakala, na muda huo hurekebishwa kwa kila moja peke yake. Aliyekabidhiwa kituo na amwombe fundi amwonyeshe, kabla mvua za Mei hazijafika.