Aibu Haimo Kiunoni

Wako watu wasemao kwamba kila ngoma itikisayo kiuno ni uchafu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaani waltz kuwa ni dansi ya aibu, kwa sababu mwanamume na mwanamke walikumbatiana mbele ya watu. Leo dansi hiyo hiyo husifiwa kwa adabu yake. Je, iliyobadilika ni miili ya wachezaji, au macho ya watazamaji?

Chakacha ya pwani yetu, kwa desturi, huchezwa na wanawake arusini, leso zimefungwa viunoni, na wanaume hawaingii. Humo uzuri wa mwili una heshima yake. Lakini ikitolewa uani, ikauzwa jukwaani kwa watu waliolipa ili wakodolee viuno macho, hapo uchafu huingia. Na lawama ni ya anunuaye pia, ijapokuwa matusi humwangukia achezaye peke yake.

Vijana, msiionee haya ngoma ya mama zenu. Oneni haya kuitoa mahali pake. Kiuno hakina hatia: hatia imo katika nia.