Kabla ya kuuza ng'ombe ujenge apatimenti, piga hesabu

Mkulima wa Songwa akipata bei nzuri ya pamba, au mfugaji akiuza ng'ombe kadhaa, fedha hizo mara nyingi huishia kwenye matofali. Sasa limeingia wazo jipya: si nyumba ya kupangisha tupu, bali apatimenti katika mtaa tulivu wa Shinyanga au Kahama, yenye vitanda, jiko, friji, maji ya uhakika na mtu wa kufua na kusafisha. Mpangaji anayelengwa ni fundi au mtaalamu wa kampuni zinazofanya kazi migodini, anayekaa miezi mitatu na kuondoka.

Wazo hilo si baya. Zamani mgodi ulijijengea kila kitu. Mwadui, jirani na Songwa, Dk. John Williamson alianzisha mji kamili wa wafanyakazi baada ya kugundua almasi mwaka 1940. Siku hizi kazi nyingi za migodi hupewa wakandarasi, na watu wao wanahitaji pa kulala. Kanuni za madini za mwaka 2018 nazo zinataka huduma zinazopatikana kwa Watanzania zipewe kipaumbele.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Apatimenti moja imegharimu Sh milioni 40 pamoja na samani, na inapangishwa kwa Sh 800,000 kwa mwezi. Mlinzi analipwa Sh 150,000 na mhudumu Sh 150,000. Umeme, maji na gesi ni Sh 120,000. Matengenezo ya samani ni Sh 50,000. Mpangaji akiwa kampuni, anakata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani Sh 80,000. Mwenye nyumba anabaki na Sh 250,000.

Nyumba ikijaa mwaka mzima, anapata Sh milioni tatu, na mtaji unarudi baada ya miaka 13 na ushei. Ikikaliwa miezi minane tu, anapata Sh milioni mbili, lakini mlinzi wa miezi minne iliyobaki anakula Sh 600,000. Inabaki Sh milioni 1.4. Hapo mtaji utarudi baada ya miaka 28 na ushei, na godoro la kwanza litakuwa limechakaa zamani.

Kwa hiyo biashara hii haiko kwenye kuta, iko kwenye siku ambazo chumba kina mtu. Na siku hizo zinategemea mgodi. Mwadui ilisimamisha uzalishaji Aprili 2020 wakati wa UVIKO-19, ikarejea mwaka 2021, kisha Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope ukabomoka na kazi zikasimama tena. Kule Kahama, mgodi wa Buzwagi uliofunguliwa mwaka 2009 ulimaliza uzalishaji mwaka 2021. Mwenye nyumba aliyemtegemea mpangaji wa mgodi peke yake hana tofauti na mkulima anayelima pamba tupu bila shamba la mtama.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, asijenge mtu peke yake. Watu wanne wakijenga katika uwanja mmoja, mlinzi huyo wa Sh 150,000 anamgharimu kila mmoja Sh 37,500, na mhudumu vivyo hivyo. Pili, mkataba uandikwe na kampuni, si na mfanyakazi wake, na utaje notisi ya kuondoka. Tatu, asiuze ng'ombe wazazi ili kununua makochi. Ng'ombe huzaa, kochi halizai.

Aidha, wasio na mtaji wa kujenga wasijione wako nje. Mpangaji wa apatimenti anapika mwenyewe au anapikiwa, naye anahitaji mayai, maziwa, kuku, mchele, choroko na mboga kila wiki. Kikundi cha wanawake wa Songwa kinachoweza kupeleka vitu hivyo kwa siku na kipimo kisichobadilika kinaweza kuingia mlango uleule bila tofali hata moja. Kikianza na nyumba tano, hasara yake mgodi ukisimama ni trei chache za mayai, ambazo soko la Maganzo litazinunua.