Kuchapishwa si dhamana

Hoja kwamba kilichochapishwa kina uzito kuliko cha mtandaoni inanipa shida. Mwaka 1998 The Lancet, jarida la tiba la Uingereza lililoanzishwa 1823, lilitoa makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Wahariri walikuwepo, marejeo yalikuwepo. Lakini watoto waliochunguzwa walikuwa 12 tu, na idadi hiyo iliandikwa waziwazi (wangapi walijisumbua kuitazama?). Makala ilikuja kufutwa 2010, na aliyeanza kufukua mambo, mwaka 2004, alikuwa mwandishi wa gazeti, Brian Deer.

Utasema jarida angalau lilijisahihisha, ilhali sauti inayosambazwa WhatsApp haina wa kuisahihisha. Nakubali: mwenye jina na anwani hubanwa, asiyejulikana humpati. Ila miaka 12 ni mingi kwa mzazi mwenye mtoto wa kuchanjwa. Naye hakuwa na haja ya kusubiri, kwani mwaka 2002 watafiti wa Denmark walishachapisha matokeo ya watoto zaidi ya 500,000, na uhusiano huo hawakuuona.